Vibao Viwili vya Jackson

Kibao cha kwanza kilikuwa ndani ya basi, mbele, machoni pa kila aliyepanda. Kilisema abiria wakae popote wapendapo, bila kujali rangi, imani wala asili, kwa amri ya tume ya Washington inayosimamia biashara na usafiri unaovuka mipaka ya majimbo. Cha pili kilikuwa nje, kwenye njia ya waendao kwa miguu mbele ya kituo. Hicho kilisema chumba cha kungojea ni cha Wazungu peke yao, kwa amri ya idara ya polisi. Mji ni Jackson, makao makuu ya jimbo la Mississippi. Mwezi ni Desemba 1961. Nilishuka na sanduku langu nikasimama baina ya amri mbili, nami nimebanwa na haja ndogo.

Maneno ya namna hiyo nilikwisha kuyazoea. Kilichonishangaza ni mahali kibao kiliposimama. Ndani ya kituo ni kwa kampuni ya mabasi, na tangu tarehe 1 Novemba kampuni zote zilikuwa zimeamriwa ziache kuwatenga abiria. Njia ya nje ni ya mji. Basi mji ukachukua kibao chake ukakisimamisha hapo, hatua tatu nne kutoka mlangoni. Aliyefikiri hivyo hakuwa mjinga. Alikuwa amepima kwa macho pahala mkono wa Washington unapokoma, au alipodhani unakoma, akaanzia hapo.

Niliingia upande wa Weusi. Nitaeleza kwa nini, lakini sina budi nianzie Mombasa, maana mtu wa Mombasa hakuhitaji kwenda Marekani ili ajue kwamba nchi moja yaweza kuwa na wenyewe wawili.

Nilizaliwa Mji wa Kale mwaka 1940. Tukienda chuoni asubuhi tuliiona bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar juu ya Fort Jesus. Bendera ni ya Sultani, lakini aliyetoza kodi na kufunga watu jela ni Mwingereza. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa wa Sultani, Mwingereza akiutawala kwa mkataba wa 1895. Ukivuka ukanda huo ndipo unapoingia koloni lenyewe. Kwa hiyo pasi yangu haikuniita raia wa nchi yoyote. Iliniita mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza. Marehemu baba, karani wa bandarini, alikuwa akisema, "Mabwana tunao wawili, na hatukumchagua hata mmoja."

Septemba 1960 nikapata nafasi katika ndege za kupeleka wanafunzi Marekani zilizoanzishwa na mwanasiasa Tom Mboya. Wale 81 wa kwanza walikuwa wamekwenda mwaka uliotangulia. Safari yetu ilipata dola 100,000 kutoka wakfu wa akina Kennedy, na hilo lilizungumzwa sana magazetini kwa kuwa mwana wao alikuwa akigombea urais. Wenzangu wengine walipelekwa Kansas, wengine New York. Mimi nikaangukia Nashville, Tennessee, katika chuo kimoja cha Weusi. Wanafunzi wa mji ule walikuwa wametoka kushinda. Kuanzia Februari hadi Mei mwaka huohuo walikaa kwenye kaunta za chakula za maduka makubwa ya katikati ya mji, wakapigwa, wakamwagiwa vitu, wakafungwa, hadi maduka yakakubali kuwahudumia. Nilikuta wanazungumzia kaunta kama wazee wetu walivyozungumzia vita vya Burma.

Mwalimu wetu wa siasa alikuwa Mmarekani Mweusi, mtu mfupi, sauti nzito, chaki haimwishi mkononi. Alituambia tusiisome katiba ya nchi ile kama msahafu, tuisome kama hati ya mauziano: nani alitoa nini, akabakisha nini. Mwaka 1787 wajumbe 55 walikutana Philadelphia, na waliotia sahihi mwishowe ni 39. Nyuma yao kulikuwa na vijinchi 12 kati ya 13 vya wakati huo, kila kimoja kikimwonea jirani wivu. Wakaipa serikali kuu mambo yaliyotajwa kwa jina: vita, sarafu, posta, biashara baina ya majimbo. Yasiyotajwa yakabaki kwa majimbo na kwa watu, na mwaka 1791 wakaliandika hilo wazi katika Marekebisho ya 10. Utumwa waliuzunguka bila kuutaja kwa jina lake. Lakini katika kugawa viti vya bunge, watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu, ili mabwana zao wapate viti zaidi. Mwalimu alilirudia hili kila muhula, na kila mara alikuwa akitabasamu kwa namna isiyopendeza.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe yakaja Marekebisho ya 14, mwaka 1868. Hapo alitusimamisha kwenye maneno mawili: hakuna jimbo. Hakuna jimbo litakalomnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. "Someni tena," akasema. "Limekatazwa nani?" Tukajibu, jimbo. "Na mwenye mkahawa je? Yeye ni jimbo?" Darasa likanyamaza. Mahakama ya Juu ilikwisha kusema mwaka 1883 kwamba mwenye hoteli na mwenye thieta si jimbo. Akikufukuza mlangoni, katiba haimwoni. Mwaka 1896 ikasema hata jimbo lenyewe laweza kutenga watu mradi iwe "sawa", na hilo halikuvunjwa hadi kesi ya utengano wa shule mwaka 1954. Nilidhani mzee ananitania. Kwetu aliyekunyima haki ni aliyekunyima haki. Kule ilikupasa kwanza uulize cheo chake.

Nilikuja kulielewa kwa kahawa.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa kijana wa Alabama, kusini kidogo ya mpaka wa Tennessee. Machi 1961 alinichukua kwao kwa gari la mjomba wake tukawaone wazazi. Kabla ya kuondoka akaniambia, "Vaa zile nguo zako za sala." Nikavaa kanzu na kofia ya viua. Yeye akachukua kofia yangu ya pili na shuka la kitandani akajifunga begani, sijui alidhani anafanana na nani. Tukaingia mkahawa wa kando ya barabara ambao hata siku moja haukuwa umemketisha Mweusi.

Mhudumu alikuja mbio, akasita. Akanitazama kofia. Mwenzangu, aliyekuwa na maneno yasiyofika kumi ya Kiswahili, yote niliyomfundisha mimi usiku tukicheza karata, akanigeukia kwa heshima kubwa akasema, "Ndizi mbivu?" Nikamjibu, "Naam, embe dodo." Mwanamke yule akauliza pole pole, kama anayezungumza na kiziwi, kama tunatoka Umoja wa Mataifa. Nikainamisha kichwa. Tukaletewa kahawa na pai katika vyombo vya kauri vyenye ukingo wa kijani, na mwenye mkahawa akatoka jikoni kuja kutushika mkono.

Hatukuwa wa kwanza. Mwaka 1947 mchungaji mmoja Mweusi wa New York, Jesse Routté, alikwenda Mobile, Alabama, amevaa kilemba, akapokewa kama mtu wa heshima kule kule alikowahi kudharauliwa. Mwenzangu alikijua kisa hicho, ndicho kilichompa wazo.

Garini nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Tulikwenda maili nyingi kimya, kisha akasema, "Baba yangu amelima pamba karibu na mkahawa ule maisha yake yote. Leo mimi nimepewa kahawa pale kwa sababu nimejifanya sijui Kiingereza." Akaivua kofia akanirudishia. Nilitaka kumwambia pole, nikaona Kiingereza hakina neno la kutosha na Kiswahili tulikwisha kukigeuza mchezo.

Miezi miwili baadaye mabasi yakaanza. Tarehe 14 Mei 1961 basi moja la Wasafiri wa Uhuru, waliopanda mabasi kupinga utengano safarini, lilichomwa moto karibu na Anniston, Alabama, na waliokuwa katika basi la pili wakapigwa Birmingham. Waandalizi wakasimamisha safari. Wanafunzi wa Nashville wakasema ikisimama hapo kila mwenye rungu atajua kwamba rungu linatosha. Aliyeshika uzi wa mambo yote ni Diane Nash, msichana wa miaka 23 tu. Tarehe 17, alfajiri, kundi la wanafunzi kumi likaondoka kwa basi la kawaida, na John Lewis, aliyekuja baadaye kuwa mbunge wa Georgia kwa zaidi ya miaka 30, alikuwa mmoja wao. Wengine walikuwa wameandika wasia. Niliona mmoja akiandika wake juu ya goti, hana cha kurithisha ila vitabu na koti.

Watu wengi hudhani safari zile zilikuwa ushujaa tu. Zilikuwa pia hesabu ya mwanasheria. Desemba 1960 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba abiria anayesafiri kutoka jimbo hadi jimbo hawezi kutengwa hata katika mkahawa wa kituo. Ukikata tiketi ya kutoka Birmingham hadi Montgomery, uko mikononi mwa Alabama. Ukikata ya kutoka Nashville hadi New Orleans, ndani ya kile kikaratasi kuna Washington nzima, ikitaka isitake. Rais Kennedy na mdogo wake, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, hawakutaka. Walikuwa na wabunge wa kusini wa kuwabembeleza. Vijana wale waliwapelekea mgeni ambaye hawakuwa wamemwalika, na ilibidi wamfungulie.

Mkuu wa usalama wa mji wa Birmingham, Bull Connor, naye alijua hesabu hiyo. Aliwafunga, kisha usiku wa kuamkia tarehe 19 akawatoa saba, akawapakia kwenye magari, akawaendesha mwenyewe hadi Ardmore, mahali Alabama inapogusana na Tennessee. Akawashusha gizani pamoja na mizigo yao. Hakuwapiga. Aliwavusha tu mpaka, kama mtu anayefagia uchafu wa uani kwake akausukumia kwa jirani. Wakagonga nyumba ya wazee wawili Weusi, wakapokewa, wakapiga simu Nashville. Gari likatoka usiku uleule kuwafuata, na halikuwarudisha Nashville. Liliwarudisha Birmingham.

Mimi sikupanda basi. Niliitwa na ofisi moja nikaambiwa kwa upole kwamba mgeni akikamatwa viza yake haina maana tena, na jela ya Mississippi haitauliza Sultani wangu ni nani. Nilijiambia nimebeba tamaa za familia nzima, na ni kweli. Nikapaka mikate siagi ya karanga, nikaosha masufuria katika kanisa moja. Mwenzangu aliondoka na kundi la baadaye. Kituoni aliivua saa yake ya mkononi akanipa. Alikamatwa Jackson, mmoja wa zaidi ya 300 waliokamatwa mji ule kiangazi kile kwa kuingia chumba kisicho cha rangi yao, akapelekwa Parchman, gereza la mashamba. Wengi walikaa huko siku 39, kwa kuwa ukipitisha siku 40 bila kutoa dhamana unapoteza haki ya kukata rufaa. Saa ile niliitia ufunguo kila usiku. Sikuivaa.

Safari zile ndizo zilizoifanya tume ya Washington itoe amri yake Septemba, na amri ikaanza Novemba. Ndipo Desemba nikawa njiani kwenda New Orleans kwa Mkenya mwenzangu, nikashuka Jackson, nikavikuta vibao viwili. Sheria ilikuwa upande wangu. Polisi wawili walikuwa upande wa kibao cha njiani, mmoja akila tufaha. Nikachukua mlango wa Weusi. Nilipomsimulia mwenzangu Januari, alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Chumba kile nilikaa Parchman siku 39 ili mtu akiingie," kisha akazima taa. Hakunisemesha hadi mwezi wa pili. Vibao vya njiani navyo havikung'oka kwa amri ya tume; ilibidi serikali kuu iupeleke mji mahakamani, na mahakama ya rufaa ilitoa hukumu mwaka 1963.

Katikati ya hayo barua za baba zilikuwa zikija, karatasi ya buluu, mwandiko wa kukunjika hadi ukingoni. Mwanzoni aliandika juu ya Mwambao, kwamba ukanda wetu ujitenge au upewe mamlaka yake. Jambo hilo lilipofifia akahamia siasa ya majimbo, pamoja na Ronald Ngala na chama chake cha KADU. "Kwako mwanangu mpenzi, ama baada ya salamu," kisha ukurasa mzima wa majimbo.

Niliisoma moja ya barua hizo Oktoba 1962. Wiki hiyohiyo James Meredith, mwanajeshi wa zamani wa anga, alikuwa ameanza kusoma Chuo Kikuu cha Mississippi akiwa Mweusi wa kwanza, baada ya usiku wa fujo ulioua watu wawili na kuleta maelfu ya askari wa serikali kuu. Gavana Ross Barnett alikuwa amemzuia kwa hoja ya haki za majimbo. Nikamwandikia baba maneno makali. Nikamwambia majimbo ni ngao ya dhalimu, nimeiona kwa macho yangu, imeandikwa juu yake kwa amri ya polisi.

Jibu lilichukua wiki tano. Sikuwahi kumwandikia mzee wangu kwa namna ile, na yeye hakunikemea. Aliandika: "Mwanangu, huko aliyeshika mpini ni yule anayekuonea, nawe umeshika makali, ndiyo maana unakichukia kisu. Mimi nauliza huku kwetu mpini atashika nani." Akanikumbusha kwamba hata wakili wa huko Thurgood Marshall, aliyeishinda kesi ya shule, alipokwenda kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, Januari 1960 kuwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya, aliandika rasimu ya haki za kuwalinda walio wachache, Wazungu na Wahindi wakiwamo. Nilimfasiria mwenzangu barua ile. Akafikiri, akauliza swali moja: "Katika jimbo la baba yako, kila mtu atapiga kura?" Nikasema ndiyo. "Basi si jimbo kama la Barnett," akasema. Alikuwa sahihi kuliko sisi wawili. Mississippi ya 1964 waliojiandikisha kupiga kura hawakufika 7 katika kila Weusi 100 wenye umri wa kupiga kura. Gavana alijiita sauti ya jimbo, na watu wake wengi hawakuwahi kuulizwa.

Nilirudi Agosti 1964, mwezi mmoja baada ya Rais Johnson kutia sahihi Sheria ya Haki za Kiraia, iliyokataza ubaguzi katika mikahawa pia. Desemba nikapokea bahasha kutoka Tennessee, ndani mna kipande cha gazeti. Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kesi ya mkahawa wa nyama choma wa Birmingham uitwao Ollie's. Mkahawa ule haukuhudumia wasafiri wengi, lakini nyama ya karibu dola 70,000 aliyonunua mwenye mkahawa kwa mwaka ilitoka nje ya jimbo. Kwa hiyo Bunge lina uwezo juu yake, na Weusi waketishwe. Mlango ambao Marekebisho ya 14 hayakuufungua kwa miaka 96 ulifunguliwa na kifungu cha biashara. Mpaka leo sijui kama nicheke. Pembeni mwa gazeti mwenzangu alikuwa ameandika kwa kalamu, kwa Kiswahili: Ndizi mbivu.

Huku nyumbani majimbo ya baba yalikuwa yakizikwa. Katiba ya 1963 ilitupa mabunge ya majimbo na Seneti ya watu 41, na Oktoba mwaka huo Sultani akauachia ukanda wake kwa Kenya. KADU ikajivunja Novemba 1964. Desemba ikaja jamhuri, na mabunge ya majimbo yakapoteza nguvu zake; muda si muda Seneti nayo ikaondoka. Baba alisikiliza yote kwenye redio, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, na hakuniambia hata mara moja kwamba nilimkosea. Nami sikumwambia kwamba nilikuwa nimeanza kuuliza swali lake. Alifariki 1971.

Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, na Mombasa ikapewa nambari 001. Tarehe 4 Machi 2013 nilipanga foleni kuanzia alfajiri, mzee wa miaka 73, na barua ile ya buluu mfukoni mwa kanzu. Karatasi za kura zilikuwa sita. Ya gavana niliijaza ya mwisho.